Echuca, mji wa bandari kando ya Mto Murray: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuanzishwa na kukua kwake

Kurasa nyingi zinazoeleza habari za Echuca huanza na pantoni ya mlowezi mmoja na kuishia kwenye meli za watalii. Majibu yaliyo hapa chini yamejaribu kwenda mbali zaidi ya hapo, kwa kuwa mji huu ulikua kwa haraka juu ya ardhi iliyokuwa na wenyewe, ukatajirika kwa sababu ya mahali ulipokaa, kisha ukapoteza utajiri huo kwa chombo kilekile kilichouletea.

Echuca iko wapi, na jina lake lina maana gani?

Echuca iko kaskazini mwa jimbo la Victoria, kusini-mashariki mwa Australia, kwenye ukingo wa kusini wa Mto Murray. Ng'ambo ya mto, katika jimbo la New South Wales, upo mji mdogo wa Moama, na leo miji hiyo miwili kwa pamoja ina wakazi zaidi ya 20,000. Jina Echuca limetokana na neno la wenyeji wa asili ambalo hufasiriwa kuwa makutano ya maji. Maana hiyo inaafiki kabisa hali ya mahali penyewe, kwani Mto Campaspe unaingia katika Murray hapo hapo mjini, na Mto Goulburn, ambao ni mkubwa zaidi, unaingia mwendo mfupi upande wa mashariki.

Murray una urefu wa kilomita zipatazo 2,500, lakini katika safari yake yote kutoka milimani hadi baharini, mahali hapa ndipo unapopinda kuelekea kusini na kuukaribia mji wa Melbourne kuliko popote pengine penye maji ya kutosha kupitisha meli kubwa. Kwa barabara ni kilomita kama 220 hivi. Msomaji akiikumbuka hoja hii moja, sehemu kubwa ya historia ya Echuca itajieleza yenyewe.

Kwa nini mto ukapinda hivyo?

Sababu yake ni mtetemeko, au tuseme mfululizo wa mitetemeko ya ardhi iliyotokea maelfu mengi ya miaka iliyopita. Zamani Murray ulielekea magharibi moja kwa moja. Kisha ardhi ikainuka kwenye ufa mrefu unaokata kutoka kaskazini hadi kusini, unaoitwa na wanajiolojia Ufa wa Cadell, ikauzibia mto njia yake kama boma. Maji yalitanda, yakafanya ziwa na mabwawa, na hatimaye Murray ukapata upenyo upande wa kusini ukaangukia katika mkondo wa Goulburn. Kwa hiyo maji yanayopita mbele ya gati la Echuca yanatiririka katika njia iliyochimbwa kwanza na mto mwingine. Mahali maji yalipotanda ndipo ulipoota msitu wa Barmah na Millewa, msitu mkubwa kuliko yote duniani wa mkaratusi mwekundu wa mtoni. Wasomaji wa Kenya na Tanzania wanaujua mti huu, maana ni mmoja wa mikaratusi iliyopandwa kwa wingi Afrika Mashariki kwa ajili ya nguzo na kuni.

Nani walikuwa wakiishi hapo kabla ya walowezi?

Ni watu wa Yorta Yorta, wakiwamo Wabangerang, ambao huuita mto huu Dhungala. Maisha yao yalifuata mafuriko ya msimu. Maji yalipofurika msituni waliishi juu ya vichuguu walivyovijenga wenyewe kwa udongo na majivu ya majiko yao, na yalipokupwa walivua samaki kwenye vijito na vidimbwi vilivyobaki. Mitumbwi yao ilikuwa ganda la mti lililobanduliwa kwa kipande kimoja kutoka kwenye shina la mkaratusi. Mti wenyewe uliendelea kuishi, na baadhi ya miti yenye makovu hayo bado imesimama hadi leo.

Katika jumba la makumbusho la Melbourne limehifadhiwa joho moja lililotengenezwa kwa ngozi za possamu, mnyama mdogo wa mitini, zilizoshonwa pamoja na kuchorwa michoro upande wa ndani. Lilipatikana mwaka 1853 katika kivuko kilichokuwa karibu na Echuca ya leo, na ni miongoni mwa majoho machache mno ya namna hiyo yaliyosalia kutoka karne ya 19. Naona joho hilo linasema zaidi kuliko kurasa nyingi za maelezo, kwa sababu mwaka huohuo ndio meli ya kwanza ya mvuke ilipofika hapo. Mtu aliyelivaa huenda aliisikia honi yake.

Ugonjwa uliwatangulia walowezi. Ndui ilipita kwenye mabonde ya mito hii karibu na mwaka 1830, kabla Mzungu yeyote hajajenga hapo, na wafugaji wa kwanza waliofika waliona makovu yake kwenye nyuso za wazee. Hivyo hesabu yoyote ya watu iliyofanywa katika miaka ya 1840 ilihesabu jamii iliyokwisha kupata pigo kubwa.

Walowezi walifikaje?

Walikuja na mifugo. Mwaka 1838 mpelelezi Charles Sturt alipita katika bonde hili akiswaga ng'ombe kwenda Adelaide, na katika miaka michache iliyofuata wafugaji walijitwalia maeneo makubwa ya malisho pande zote mbili za mto. Serikali ya koloni iliwapa leseni za kulisha katika ardhi ambayo wenyewe hawakuulizwa. Mmoja wao alikuwa Edward Curr, kijana aliyekuwa na umri wa miaka ishirini hivi alipofika mwaka 1841, ambaye familia yake ilishika malisho ya Tongala na mengineyo jirani. Curr aliandika kumbukumbu zake alipokuwa mtu mzima, na maandishi hayo yatarudi katika jibu jingine hapa chini kwa namna ambayo pengine hata yeye hakuitazamia.

Kondoo waliimaliza upesi mizizi ya porini iliyokuwa chakula cha wenyeji, na wakazivunjavunja kingo za vidimbwi kwa kwato zao. Watu walipochukua kondoo kwa ajili ya kula, waliandamwa kwa bunduki na polisi.

Mji wenyewe ulianzishwa na nani?

Ulianzishwa na vivuko viwili na wafungwa wawili wa zamani. Wa kwanza alikuwa James Maiden, ambaye katikati ya miaka ya 1840 alikuwa na pantoni na nyumba ya wageni upande wa kaskazini, mahali palipoitwa Maiden's Punt na ambapo sasa ni Moama. Wa pili ni Henry Hopwood, na yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa Echuca.

Hopwood alizaliwa mwaka 1813 huko Bolton, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1834 alipatikana na hatia ya kupokea hariri ya wizi, akahukumiwa miaka 14 ya uhamishoni katika kisiwa ambacho leo kinaitwa Tasmania. Alipomaliza kifungo alivuka kwenda bara, na karibu na mwaka 1850 akaanzisha pantoni yake karibu na makutano ya Campaspe na Murray. Pantoni za aina hii zilikuwa majukwaa ya mbao yaliyovutwa kwa kamba au mnyororo kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, zikibeba watu, magari ya ng'ombe na mifugo.

Bahati yake ilikuja mara moja. Mwaka 1851 dhahabu iligunduliwa Bendigo, kilomita kama 90 kusini, na maelfu kwa maelfu ya wachimbaji waliokusanyika huko walihitaji nyama. Nyama ilitoka New South Wales ikitembea kwa miguu yake yenyewe, na ilibidi ivuke mto. Hopwood alitoza kwa kila kichwa. Alijenga hoteli, akaleta pantoni kubwa zaidi, akanunua viwanja, akaweka daraja la kuelea juu ya Murray mwaka 1857, na akafungua Bridge Hotel mwishoni mwa muongo huo. Wenyeji wa mji bado husimulia kwamba wateja walipopungua hotelini, pantoni iliharibika ghafla hadi wasafiri waliokwama walipokunywa na kula vya kutosha. Mahali hapo paliitwa Hopwood's Ferry hadi serikali ilipopima mji rasmi katika miaka ya 1850 na kuupa jina la Echuca.

Alikuwa mtu mkali, mwenye kushika kila kilichoweza kushikwa, na pia mtu aliyepigania shule na barabara za mji wake kwa barua zisizokwisha. Alifariki mwaka 1869, akiwa ameshuhudia kivuko chake kikigeuka bandari.

Kivuko kiligeukaje kuwa bandari?

Ni kwa meli za mvuke na reli kukutana mahali pamoja. Mwaka 1853 manahodha wawili, kila mmoja kwa upande wake, walipanda Murray kutoka Australia Kusini kwa meli zenye magurudumu ya kasia ubavuni. William Randell alikuwa na Mary Ann, chombo kidogo kilichoundwa nyumbani, ilhali Francis Cadell alikuwa na Lady Augusta iliyokuwa kubwa na yenye uungwaji mkono wa serikali. Walishindana njiani karibu na Swan Hill. Lady Augusta ilitangulia kufika hapo, lakini Randell aliendelea kupanda hadi kwenye kivuko cha Maiden. Kuanzia hapo ilidhihirika kwamba mito mitatu mikubwa, yaani Murray, Murrumbidgee na Darling, inaweza kuwa barabara ya kuingilia katikati ya bara.

Shida ilikuwa mwisho wa barabara hiyo. Mlango wa Murray baharini ni wa mchanga, hauna kina, na mawimbi yake yamezamisha vyombo vingi, hivyo mzigo ulioshuka hadi huko ulilazimika kuhamishiwa kwenye reli ya farasi kabla haujafika kwenye bandari ya bahari. Victoria iliiona nafasi hiyo. Reli kutoka Melbourne ilifika Bendigo mwaka 1862 na Echuca mwaka 1864, na mwaka uliofuata likajengwa gati. Tangu siku hiyo mfugaji mwenye sufu mamia ya kilomita ndani ya New South Wales aligundua kwamba njia ya upesi ya kufikisha marobota yake kwenye meli za kwenda London haipiti Sydney wala Adelaide, inapita Echuca.

Shughuli za bandari zilikuwaje katika kilele chake?

Kilele kilikuwa katika miaka ya 1870, na katika kipindi hicho Echuca ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za ndani ya bara Australia. Gati liliongezwa mara kadhaa hadi likafikia mita 332, lote likiwa la magogo ya mkaratusi mwekundu. Umbo lake lilitokana na tabia ya mto: maji ya Murray mahali hapa yaliweza kupanda na kushuka kwa mita kama kumi kati ya msimu wa mafuriko na wa kiangazi, kwa hiyo gati lilipewa sakafu zilizopangana, ili meli ifungwe na kupakuliwa maji yakiwa juu au chini. Sakafu ya juu ilikuwa na reli, na winchi ziliinua marobota moja kwa moja hadi kwenye mabehewa.

Msimu wa kazi ulianza mvua za kipupwe na theluji ya milimani iliyoyeyuka zilipouinua mto, kwa kawaida kuanzia katikati ya mwaka. Meli zilipanda zikiwa na unga, chai, sukari, waya wa ua, zana na barua kwa ajili ya mashamba ya mbali. Zilirudi zimejaa sufu, na nyuma yake zikiburuta tishari, yaani mashua bapa za mizigo, moja au zaidi zilizorundikwa marobota hadi nahodha wa tishari akawa haoni mbele. Nyingine zilikuwa maduka yanayoelea, zikisimama kwenye kila shamba na kuuza vitambaa, viatu na dawa. Boila zote zilikula kuni, na ukataji wa kuni kandokando ya mto ukawa kazi ya kudumu ya watu wengi, wakiwamo wanaume wa Yorta Yorta.

Hatari ilikuwa ya namna mbili. Ya kwanza ni visiki, kwani shina la mkaratusi likianguka majini huzama na kukaa huko kwa miaka mingi bila kuoza, na ncha yake inaweza kutoboa meli iliyotengenezwa kwa mti uleule. Ya pili ni kupwelewa. Katika Darling, mto ulio na vipindi virefu vya ukame, meli iliyochelewa kugeuza iliweza kukaa juu ya mchanga kwa miezi, na shehena yake yote ikisubiri mvua inyeshe mbali sana kaskazini.

Mji ulinenepa kwa biashara hiyo. Viwanda vya kuunda meli, wahunzi, maghala, benki, ofisi za mawakala na makumi ya hoteli vilijipanga kwenye mitaa iliyo nyuma ya gati. Star Hotel ya mwaka 1867 ilikuwa na baa chini ya ardhi, na ilipopokonywa leseni ya pombe mwaka 1897 watu waliendelea kunywa humo kwa siri, wakiwa na njia ya chini kwa chini ya kutorokea polisi.

Je, mbao zilikuwa na umuhimu gani?

Umuhimu mkubwa, na wa muda mrefu kuliko sufu. Mkaratusi mwekundu ni mgumu, mzito na hauozi upesi majini wala ardhini, kwa hiyo ulifaa kwa mataruma ya reli, nguzo za gati, madaraja na matofali ya mbao ya kutandikia barabara. Viwanda vya kupasua mbao vilijengwa Echuca na Moama, na tishari zilileta magogo kutoka msitu wa Barmah. Gogo la mti huu likiwa bichi halielei, ndiyo maana yalifungwa kwa minyororo ubavuni mwa tishari, kwenye boriti zilizotokeza pande zote mbili, yakaning'inia ndani ya maji. Meli kadhaa zinazoonekana leo zilitumikia kazi hii muda mrefu baada ya sufu kwisha.

Mpaka kati ya makoloni mawili uliathiri vipi maisha ya mji?

Victoria ilijitenga na New South Wales mwaka 1851, na mto ukafanywa mpaka. Hata hivyo mpaka hauko katikati ya maji: Murray wote ni wa New South Wales, hadi juu ya ukingo wa kusini. Gati la Echuca lilikuwa la Victoria, na meli iliyofungwa kwenye gati hilo ilikuwa inaelea katika koloni jingine. Kila koloni lilikuwa na ushuru wake. Victoria ilitoza zaidi ili kulinda viwanda vyake, New South Wales ikapendelea biashara huria, na maofisa wa forodha walikaa pande zote mbili. Kulikuwa na vipindi vya mapatano na vipindi vya ugomvi, na wakati wa ugomvi hata mwenye nyumba aliyevuka kwenda kununua bidhaa alikuwa mlipa ushuru, au mkwepaji wake. Mambo hayo yaliisha mwaka 1901 makoloni yalipoungana kuwa Shirikisho la Australia, na miji ya mpakani ilikuwa miongoni mwa waliodai muungano huo kwa sauti kubwa.

Daraja la chuma linalounganisha Echuca na Moama lilikamilika mwaka 1878, likibeba reli na barabara kwa pamoja. Limehudumu peke yake hadi mwaka 2022, lilipofunguliwa daraja jipya lililopewa jina la Dhungala.

Kwa nini bandari ilidhoofika?

Jibu fupi ni reli. Mwaka 1876 kampuni binafsi ilifungua reli kutoka Moama hadi Deniliquin, ndani ya New South Wales, kwa upana wa reli za Victoria, na wakazi wa Echuca waliifurahia kwa kuwa iliwaletea sufu zaidi. Lakini Sydney haikuwa imelala. Serikali ya New South Wales ilichoka kuona sufu yake ikitajirisha Melbourne, ikasukuma reli zake kuelekea magharibi hadi kwenye mito yenyewe: Wagga Wagga mwaka 1879, Hay mwaka 1882, Bourke mwaka 1885. Mwaka 1878 Australia Kusini nayo ilifikisha reli Morgan, kwenye pinda la chini la Murray. Kila stesheni mpya ilikata kipande cha eneo lililokuwa likiilisha Echuca. Treni haikungoja mafuriko, wala haikupwelewa.

Baada ya hapo mambo yalifuatana. Benki nyingi za Melbourne zilifunga milango mwaka 1893, ukame mkubwa ulidumu tangu katikati ya miaka ya 1890 hadi 1902, na mwaka 1914 mto wenyewe ulikaribia kukauka. Mabwawa na vizuizi vilivyojengwa baada ya mkataba wa maji wa 1915, kama Torrumbarry uliokamilika mwaka 1923 na Bwawa la Hume mwaka 1936, vilitengeneza maji ya kutosha kwa meli, lakini wakati huo meli zilikuwa zimekwisha kupoteza mzigo. Maji hayo yalielekezwa kwenye mashamba ya umwagiliaji, na ng'ombe wa maziwa pamoja na matunda vikawa riziki mpya ya wilaya. Mwaka 1944, kukiwa na uhaba wa kuni Melbourne wakati wa vita, sehemu kubwa ya gati ilibomolewa ikachomwa.

Watu wa Yorta Yorta walikuwa wapi mji ulipokuwa unakua?

Walikuwapo hapo hapo, ingawa picha za gati mara nyingi haziwaonyeshi. Mfanyabiashara wa Echuca aliyeitwa Daniel Matthews alichukizwa na hali aliyoiona kambini kandokando ya mto, na mwaka 1874 akaanzisha misheni ya Maloga upande wa New South Wales. Palikuwa pa usalama, na pa masharti makali ya dini pia. Mwaka 1881 wanaume 42 wa Maloga walipeleka ombi kwa gavana wakidai ardhi ya kulima katika nchi yao wenyewe, wakieleza kwamba malisho ya walowezi yamewaondolea chakula. Walitengewa ekari 1,800, na mwaka 1888 jamii ilihamia huko, mahali palipoitwa Cummeragunja.

Mwalimu wao alikuwa Thomas Shadrach James, mzaliwa wa Mauritius mwenye asili ya Kitamil, ambaye alifundisha Maloga na baadaye Cummeragunja kwa miongo kadhaa. Mtu wa kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi ndiye aliyewasomesha kizazi kilichokuja kuongoza harakati za haki za wenyeji wa asili Australia. Mmoja wa waliopita katika jamii hiyo ni William Cooper, aliyekusanya sahihi 1,814 katika miaka ya 1930 kwa ajili ya ombi kwa Mfalme wa Uingereza, ambalo serikali ya Australia ilikataa kulifikisha. Mwingine ni Doug Nicholls, aliyezaliwa Cummeragunja mwaka 1906 na kuwa Gavana wa Australia Kusini mwaka 1976.

Cummeragunja ilistawi, kisha serikali ikawapokonya wakulima mashamba yao na kuyakodisha kwa wengine, ikaweka wasimamizi wenye mamlaka yasiyo na kikomo, na watoto wakawa wanachukuliwa kutoka kwa wazazi. Februari 1939, watu wapatao 200 walifungasha, wakauvuka Murray na kupiga kambi upande wa Victoria karibu na Barmah. Wengi hawakurudi. Wazao wao wanaishi leo Echuca, Shepparton na Mooroopna.

Mahakama ilisema nini kuhusu madai yao ya ardhi?

Katika miaka ya 1990 Wayorta Yorta walidai haki ya asili juu ya ardhi na maji ya eneo hili. Mwaka 1998 Jaji Howard Olney aliamua kwamba wimbi la historia lilikuwa limekwisha kufagilia mbali mila na desturi ambazo haki hiyo ingesimama juu yake, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Australia ilikataa rufaa. Katika kupima desturi za zamani, jaji aliyapa uzito mkubwa maandishi ya Edward Curr, yule mfugaji wa mwaka 1841, kuliko ushahidi wa wazee waliosimama mbele yake. Nakiri kwamba kila ninapolisoma jambo hilo linaniumiza, kwa kuwa aliyeitwaa ardhi ndiye aliyefanywa shahidi wa namna ilivyokaliwa. Mwaka 2004 serikali ya Victoria iliingia na Wayorta Yorta makubaliano ya kushirikiana kusimamia ardhi za umma, na mwaka 2010 Barmah ikawa hifadhi ya taifa.

Mji unafurika mara kwa mara?

Ndiyo, na makutano ya mito mitatu hayawezi kuwa na jibu jingine. Mafuriko ya mwaka 1870 yalikuwa makubwa kuliko yote yaliyopimwa mjini. Oktoba 2022 maji yalipita kiwango cha mwaka 1993, na ukuta wa udongo ulijengwa kwa haraka kupita katikati ya mitaa, nyumba nyingine zikabaki upande wa maji. Uchungu wa waliobaki nje ya ukuta ule bado haujaisha.

Mgeni anaweza kuona nini cha enzi zile?

Kipande cha gati kilichosalia, kama mita 75, kiliingizwa mwaka 2007 katika orodha ya urithi wa taifa. Ukishuka ngazi zake unaona magogo yenye alama za maji ya miaka tofauti, na unaelewa kwa nini sakafu zilipangwa hivyo. Bridge Hotel ya Hopwood bado imesimama, na Star Hotel pamoja na chumba chake cha chini.

Meli ndizo zinazovuta watu zaidi. Pevensey ya mwaka 1911, iliyoundwa Moama, ilibeba sufu. Alexander Arbuthnot ya mwaka 1923 ilijengwa kwa ajili ya kazi za kiwanda cha mbao. Iliyo na umri mkubwa ni Adelaide, iliyoundwa Echuca mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya gati kujengwa. Ilivuta tishari za magogo kwa miongo mingi, ikawekwa bustanini mwaka 1963 kama ukumbusho, kisha wakazi wakaitengeneza na kuirudisha mtoni katika miaka ya 1980. Ndiyo meli ya magurudumu ya kasia yenye bodi la mbao iliyo kongwe kuliko zote duniani zinazotembea bado, na boila yake inaendeshwa kwa kuni za mkaratusi mwekundu.